Sfagnamu juu ya sinia la fikasi: mizizi ya juu itatoka kweli?

BustaniTabata
Wakuu, habari za jioni. Nina mti wa fikasi benjamina kwenye sinia la bonsai (miti inayodumazwa ibaki midogo chunguni), sentimita 30 kwa 20, kina sentimita 6. Mchanganyiko ni pumisi (vijiwe vyepesi vya volkano) na matofali yaliyopondwa, hakuna udongo mweusi. Mizizi yote imejizungusha chini. Sentimita 2 za juu hazina hata unywele. Nashauriwa nifunike juu kwa sfagnamu kavu, ile kuvumwani (moss) ya pakiti. Inafanyaje kazi, na niweke kiasi gani bila kuozesha kitako cha shina? Maji ni ya kisima, yana chumvichumvi.

fundi_sinia
Mkuu, hapo mti hauna kosa. Pumisi ya juu kwa jua la Dar inakauka mapema mchana, ncha ya mzizi ikifika pale inakufa, inayobaki ni ile iliyokimbilia chini. Sfagnamu si mbolea wala si dawa ya mizizi. Seli zake nyingi ni mfu na zina matundu, zinabeba maji hadi karibu mara 20 ya uzito wake ikiwa kavu, na katikati ya nyuzi hewa inaendelea kupita. Unyevu na hewa vikikutana pale juu, mizizi inapanda yenyewe.

Chukua iliyo kavu, isugue juu ya wavu wa tundu la milimita 5, tupa vijiti. Kwa sinia lako nusu lita ya iliyosagwa inatosha. Iloweke nusu saa, ikamue mpaka ibaki inadondosha tone mojamoja, halafu itandaze unene wa milimita 5 hadi 8, si zaidi. Gandamiza kwa kiganja kidogo tu. Ukiishindilia umefukuza hewa, na hewa ndiyo nusu ya kazi. Mwagilia kwa kopo lenye matundu madogo, la sivyo yote inaelea na kukusanyika pembeni.

Kusugua fanyia nje, na glavu na kitambaa puani. Sfagnamu huweza kubeba kuvu ya Sporothrix, inayoingia kwenye mikwaruzo ya mikono na kuleta vidonda visivyopona haraka. Watu wengi wanalipuuza hili.

Kunguru watakusumbua, wanaipenda kwa viota. Kipande cha chandarua chakavu kilichobanwa kwa waya uliokunjwa kama U kinatosha mpaka ishikane.

Nyali_kijani
Kwa nini mhangaike na kitu cha kuagiza kutoka New Zealand au Chile wakati pwani makumbi ya nazi yamejaa? Usumba uliochambuliwa unashika maji vilevile.

fundi_sinia
Ndugu yangu wa Nyali, unashika, lakini angalia mambo mawili. Makumbi mengi ya pwani yana chumvi. Yaloweke na kubadilisha maji siku tatu mfululizo kabla hayajagusa chungu. Pili, ule unga wake unateremka na kuziba nafasi za pumisi. Tumia nyuzi zilizokatwa sentimita moja, unga uache kwenye kitalu cha miche. Kosa hilohilo hufanywa na wanaonunua piti wakidhani ni sfagnamu. Piti ni mabaki ya mimea ya kinamasi, imeshaoza na kuwa unga, kwenye sinia inageuka tope.

mzizi_mweupe
Naongezea kuhusu kitako cha shina, maana hapa ndipo watu hupotoshana. Kanuni ya kuacha nafasi ya sentimita 1 kuzunguka shina ni sahihi kwa mkwaju, na kwa adeniamu (waridi la jangwani) nasema sfagnamu usiweke kabisa, utaozesha. Fikasi ni jambo jingine: hata hewani inatoa mizizi. Kama upande mmoja wa kitako hauna mzizi, kwangua gome pale kwa upana wa kidole mpaka uone mti mweupe, bandika sfagnamu ndefu isiyosagwa, funika kwa nailoni kwa wiki 6 hadi 8. Usizungushe shina lote kwa mkwanguo, utakuwa unautenga mti na mizizi yake.

Maji ya kisima ndiyo yanayonitia shaka. Maji yanapanda na kuvukia juu, chumvi inabaki palepale kwenye sfagnamu, ndani ya mizizi michanga uliyoihangaikia. Ukiona ukoko mweupe pembeni mwa sinia, pitisha maji ya mvua kwa wingi mpaka yatoke chini mara tatu. Ukoko ukirudi, iondoe sfagnamu na uweke mpya.

Mbolea ya vidonge usiilaze juu yake. Inaigeuza utelezi mweusi unaonuka na kuzuia maji. Iweke ndani ya vifuko vidogo vya chai, au tumia ya maji kwa nusu ya kipimo cha kwenye chupa.

BustaniTabata
Nashukuru sana wakuu. Sasa nitajuaje muda wa kumwagilia kama juu panaonekana pabichi muda wote?

mzizi_mweupe
Usiamini macho. Chomeka kijiti cha mshikaki mpaka chini, kiache dakika 10, kitoe: kikiwa kikavu nusu ya urefu, mwagilia. Sfagnamu yenyewe ikigeuka rangi ya majani makavu imeshakauka, na ikikauka kabisa inakataa maji, yanateleza juu na kutokea pembeni huku katikati pakiwa pakavu. Dawa yake ni kutumbukiza sinia kwenye beseni dakika 15 mpaka mapovu yaishe.

Masika ikianza punguza unene uwe milimita 3, au uingize sinia chini ya paa.

fundi_sinia
Baada ya wiki 6 inua kona moja kwa kibanio. Ncha nyeupe zikiwa zimeingia kwenye sfagnamu, usiibandue tena, utazing'oa nazo. Iache mpaka siku ya kubadilisha udongo, na siku hiyo ndipo ukate ile iliyojizungusha chini. Usikate zaidi ya theluthi moja kwa mara moja.

Nyali_kijani
Haya, nalowesha makumbi yangu siku tatu. Nitaweka fikasi mbili pamoja, moja usumba, moja sfagnamu.

fundi_sinia
Sawa, lakini masinia yawe ya kina kimoja, maji ya bomba moja.