Naomba ushauri: ubongo uliozoea kuwaza mabaya unabadilishwaje?

Wakuu, habari zenu. Nipo Mwanza, nauza dagaa mwalo wa Kirumba. Tatizo langu ni kichwa. Mteja wa Lubumbashi akichelewa kujibu ujumbe, tayari nimeshawaza: mzigo umeharibika, hela imepotea, biashara siiwezi. Baadaye anapiga kuulizia bei ya gunia, mimi jasho bado linanitoka.

Nimesoma kwamba ubongo wa mtu mzima hubadilika kulingana na unavyotumika. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walichapisha vipimo vya madereva teksi wa London, wale wanaokariri mitaa ya jiji; sehemu ya nyuma ya hipokampasi yao, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu na kujua njia, ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine. Basi na mimi ninayekariri wasiwasi kila siku, si najichongea njia ileile?

Kwa sasa wazo likija naliandika nyuma ya daftari la mauzo, pembeni naweka ushahidi. "Hajajibu" ni ushahidi. "Amenihama" ni maneno yangu tu. Mchana inasaidia. Saa nane usiku, hapana kabisa.

Kuna utafiti wa Phillippa Lally uliokadiria tabia mpya huzoeleka kati ya siku 18 na 254, ila zile zilikuwa za kula, kunywa na mazoezi, sio mawazo.

Mliopitia hili, usiku mnafanyaje? Na ukiacha hospitali ya Bugando, mtaalamu wa saikolojia hapa mjini anapatikana wapi, kwa bei gani? Wa kuniambia "acha kuwaza", shemeji ameshaniambia.