Kuhimiza watu wachukue kura Mtwapa: nani anafaa, na aliyechukua kura kwingine afanyeje?

Binti_Mtepeni aliuliza:

Hamjambo wenzangu. Kikundi chetu cha vijana kinapita nyumba kwa nyumba huku Mtwapa, kaunti ya Kilifi, Kenya, tukihimiza watu wachukue kura, yaani wajiandikishe kuwa wapiga kura, mapema kabla ya uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027. Kila mlango una swali lake, na hatutaki kumpotosha mtu hata mmoja. Haya ndiyo yaliyotukwamisha.

Kuna kijana ametimiza miaka 18 lakini mkononi ana karatasi ya kusubiria kitambulisho tu. Kuna mama aliyechukua kura eneobunge la Magarini, sasa amehamia huku kabisa. Mzee mmoja mvuvi ncha za vidole zimelika kwa mshipi na maji ya chumvi, anahofia mtambo wa alama za vidole utamkataa. Kaka mwingine alifungwa kwa wizi, ametoka mwaka jana, na mtaani wanamwambia mfungwa hana kura tena. Na yupo bibi wa Kipemba, kitambulisho amekipata juzijuzi, anaogopa kwenda asije akarudishwa mbele ya watu.

Anayejua vizuri atueleze.

Mwalimu_wa_Uraia:

Anzeni na Kifungu cha 83 cha Katiba, kwa sababu kinamaliza ubishi mwingi wa barazani. Masharti ni matatu: uwe raia mtu mzima, usiwe umetangazwa kuwa na akili isiyo timamu, na usiwe umehukumiwa kwa kosa la uchaguzi katika miaka mitano iliyopita. Basi. Hakuna palipoandikwa deni, kabila, kusoma wala kumiliki shamba.

Kwa hiyo huyo kaka ni mpiga kura kamili. Wizi si kosa la uchaguzi, na kifungo amekimaliza. Mwambieni waziwazi, maana uvumi huo umewanyima wengi haki yao bure. Hata walio ndani hupiga kura: tangu 2017 wafungwa huandikishwa gerezani na kumpigia kura rais, ila rais peke yake.

Bibi naye asiogope. Wapemba wa pwani ya Kenya walitambuliwa rasmi kuwa jamii ya Kenya mwaka 2023, na mwenye kitambulisho cha Kenya ni mwenye kitambulisho cha Kenya. Karani hana ruhusa ya kumuuliza babu yake alitua na jahazi gani. Mmoja wenu amsindikize siku hiyo, lakini bibi mwenyewe ndiye amkabidhi karani kadi yake.

Kijana bado. Sheria inataka kitambulisho cha kitaifa au pasipoti ya Kenya, na karatasi ya kusubiria haihesabiki. Msimwahidi kwamba ataandikwa sasa kwa kuwa atakuwa na kadi kufikia siku ya kura, huku kwetu haiendi hivyo. Mhimizeni aende kuulizia kule alikoombea. Kadi nyingi hulala kwa chifu au kwenye ofisi ya usajili wa watu kwa sababu tu mwenyewe hajarudi kuichukua.

Kombo_wa_Kisiwani:

Kuhusu huyo mama, nadhani arudi kwanza Magarini akafutiwe jina, ndipo ajiandikishe upya huku.

Afisa_Mstaafu:

Ndugu Kombo, hapana, na tafadhali Binti usimwambie mama hivyo. Hafuti kitu na hajiandikishi upya. Anachoomba ni kuhamisha kura, na ombi hilo hulipeleka katika ofisi ya tume ya uchaguzi (IEBC) ya eneobunge *analohamia*, yaani Kilifi Kusini. Hana haja ya kulipa nauli ya Magarini. Atabeba kitambulisho, atajaza fomu ya kuhamisha na atataja kituo anachokitaka. Akijiandikisha upya huku akijifanya hajawahi kuandikishwa, atakuwa ametenda kosa la uchaguzi, na alama zake za vidole zitamfichua daftari la wapiga kura likikaguliwa.

Muda ndio wa kuuchunga. Sheria ya Uchaguzi inataka ombi la kuhamisha lifike siku zisizopungua 90 kabla ya uchaguzi. Kwa 10 Agosti 2027, hesabu inaangukia 12 Mei. Msiisogelee tarehe hiyo, kwa sababu foleni za siku za mwisho ndizo zinazowakatisha watu tamaa. Jueni pia kwamba penye uchaguzi mdogo uandikishaji husimamishwa. Ulipoanza tena Septemba 2025, Magarini yenyewe iliachwa nje kwa sababu hiyo.

Sasa, mezani. Karani hukagua hati, hujaza fomu, huingiza maelezo kwenye mtambo, huchukua alama za vidole na picha, kisha mtu hutia sahihi na kupewa stakabadhi. Makosa ninayoyajua ni haya.

La kwanza ni nambari. Kwenye kadi ya zamani kuna nambari mbili juu: upande mmoja ni ya mfululizo wa kadi yenyewe, upande wa pili ndiyo nambari ya kitambulisho. Zikibadilishana, jina la mtu halitaonekana siku ya kura. Kabla hajainuka kwenye kiti, aisome stakabadhi tarakimu moja moja huku kadi iko kando. Asiyejua kusoma, msomeeni kwa sauti.

La pili ni kituo. Mtu akiandikishwa ofisini, asipotaja kituo anaweza kuwekwa mbali na kwake. Ataje jina kamili la shule au ukumbi, pamoja na wadi. Mtwapa imegawanyika kati ya Shimo la Tewa na Mtepeni, na ukikosea wadi utamchagulia jirani mwakilishi wake.

La tatu ni hati. Uliyojiandikishia ndiyo utakayopigia kura. Aliyetumia pasipoti hawezi kuja na kitambulisho. Kwa anayeishi hapa nyumbani ni heri kitambulisho, kwani pasipoti ikibadilishwa nambari hubadilika, ilhali ya kitambulisho hubaki ileile hata kadi ikipotea na kutolewa nyingine. Kadi mpya ya kitambulisho, iitwayo Maisha, nayo hubaki na nambari ya zamani, kwa hiyo aliyeibadilisha haandikishwi upya.

Mama_Nuru:

Niongeze la vidole. Mzee aoshe mikono kwa maji ya vuguvugu na sabuni, akaushe vizuri, na usiku wa kuamkia siku hiyo ajipake mafuta kidogo ili ngozi ilainike. Kwenye kioo aweke kidole taratibu, kwa sababu akikandamiza sana mistari inalala na mtambo hausomi. Mtu akishindwa mara ya kwanza asikubali kuondoka, aombe arudie. Kina mama wenye harusi waende kabla ya kupakwa piko, hasa ile inayofunika ncha za vidole.

Na siku ya kura, kidole kikikataa, safari haijaisha. Msimamizi humtafuta kwa nambari ya kitambulisho mbele ya mawakala wa vyama, hujaza Fomu 32A, na mtu hupiga kura. Mwambieni mzee jina la fomu hiyo alikariri kabisa.

Binti_Mtepeni:

Ahsanteni sana. Swali la mwisho: wazee wengine hawawezi kutembea mbali. Je, tukusanye vitambulisho vyao tuwapelekee ofisini?

Afisa_Mstaafu:

Msiguse kadi ya mtu. Lazima mwenyewe afike, kwa sababu vidole na picha haviwakilishwi. Pia kikundi kinachobeba vitambulisho vya watu kitashukiwa kuwa kinavinunua, na kuvinunua ni kosa la jinai. Msizipige hata picha. Andikeni jina la mtu na mtaa tu, mjue nani bado.

Kwa wasioweza kutembea, muulizeni afisa wa eneobunge ratiba ya makarani kushuka hadi kwenye wadi, mpange tuktuk siku hiyo. Tena msisahau kurudi kwao mwaka ujao: kabla ya uchaguzi mkuu daftari hufunguliwa siku 30 watu wahakikishe maelezo yao vituoni. Mwaka 2022 wapo waliokuta wamehamishiwa vituo wasivyovijua, na aliyegundua mapema ndiye aliyewahi kulalamika. Mzee akienda siku hiyo ajaribu na kidole chake tena.