Naomba ushauri: mchuzi mzito wa uyoga wa porini

Habari zenu wakuu. Nataka kupika mchuzi wa uyoga wa porini, ule mzito wa kushibisha bila nyama. Uyoga wenyewe umechumwa na mtu anayeujua vizuri, kwa hiyo suala la sumu tuliache. Najua sumu ya Amanita phalloides, uyoga wa porini wenye sumu ya kuua, haiondoki hata ukichemsha kutwa nzima.

Shida yangu ni maji. Uyoga mbichi karibu asilimia 90 ni maji, ukiujaza sufuriani unayatoa yote na kuishia kuchemka badala ya kukaangika. Nafikiria kuutia kidogo kidogo kwenye kikaango kipana bila mafuta mpaka maji yakauke, ndipo niweke siagi, kitunguu maji na kitunguu saumu. Kuna anayefanya hivyo, au unakuwa mgumu kama soli?

La pili, uzito. Unga wa ngano siupendi, unafunika ladha. Viazi vya kuponda vitatosha? Nina pia uyoga mkavu kidogo. Maji ya kuulowekea nitayachuja mchanga na kuyamimina humo humo, hilo sibishani na mtu. Ila chumvi: mapema au mwishoni?