Mjadala: Je, Pwani inahitaji chama chake cha siasa?

Mchangiaji aliyetangulia ameandika kwamba vyama vya Pwani hufa kwa sababu Wapwani wenyewe hawavipigii kura. Mimi naandika kutoka Malindi, katika Pwani ya Kenya, na historia ninayoijua inanifanya niikatae hoja hiyo.

KADU, chama kilichoongozwa na Ronald Ngala, mwana wa Kilifi, ilipata viti 11 dhidi ya 19 vya chama pinzani cha KANU katika uchaguzi wa 1961, na ndiyo iliyoshika serikali KANU ilipokataa kuingia madarakani kabla kiongozi wake Jomo Kenyatta hajaachiliwa kutoka kizuizini. Haikuuawa na wapiga kura. Viongozi wake waliivunja Novemba 1964 wakahamia upande wa serikali, na majimbo waliyoyapigania, yaani mikoa yenye mamlaka yake ya kujitawala, yakafutwa katika katiba bila waliowachagua kuulizwa lolote.

Chama cha Shirikisho, ambacho wengi wamekisahau, kina kisa kigumu zaidi. Kiliingia katika uchaguzi wa 1997 kikidai utawala wa majimbo, miezi michache tu baada ya vijana wenye silaha kuvamia kituo cha polisi cha Likoni mwezi wa Agosti, na wabara wengi, yaani watu waliotoka sehemu nyingine za Kenya, kuuawa au kufukuzwa makwao. Tangu hapo, kila aliyetamka majimbo alishukiwa kwamba anataka kuwafukuza majirani zake. Shirikisho kilipata kiti kimoja, cha Likoni, na mwaka 2002 kikaambulia kimoja tena. Naamini kilishindwa kwa sababu hakikuwaeleza wabara, kwa maneno yasiyo na shaka, nafasi yao katika Pwani kiliyoitaka.

Katiba ya 2010 ilileta kaunti, na hivyo sehemu kubwa ya dai la majimbo ikapata jibu. Jambo lililobaki ni ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani wawasilishe madai yao, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Waliokuwa wakiilima bila karatasi wakabaki maskwota. Hata leo, huku kwetu, utamkuta mtu aliyezaliwa shambani humo humo anakatazwa kujenga nyumba ya mawe au kupanda mnazi, kwa kuwa mti wa kudumu ungempa haki ya kudai. Chama cha kitaifa kinachotafuta kura nchi nzima hakilifikishi suala hili mbali. Hukumbuka maskwota wakati wa kampeni tu.

Kwa hiyo nasema ndiyo, tunahitaji chama, lakini si kama PAA (Pamoja African Alliance). Amason Kingi alikianzisha akiwa gavana wa Kilifi, kikajiunga na muungano wa Azimio kabla ya uchaguzi wa 2022, kisha Mei mwaka huo, kabla ya kura, akatangaza kwamba kinahamia muungano wa Kenya Kwanza, na baada ya uchaguzi akawa Spika wa Seneti. Huenda uamuzi huo ulikuwa na faida zake, lakini mwanachama wa kawaida alijikuta katika muungano asiouchagua, kama ilivyokuwa 1964.

Sharti langu ni moja: katiba ya chama iseme kwamba hakivunjwi wala hakiingii au kutoka katika muungano wowote bila kura ya wanachama katika kila kaunti. Nawaomba hasa wenzetu wa Lamu, wanaoishi na majirani wa Mpeketoni waliopewa makazi na serikali, watueleze chama cha aina hiyo kingewaambia nini majirani hao kuhusu ardhi.