Bunduki ya .22 ya shabaha: ya bolti au inayojikoki yenyewe?

MlengaPole
Wakuu, salaam. Nataka bunduki ya .22 LR (ile risasi ndogo ya .22 ya kawaida) kwa shabaha za karatasi, mara nyingi mita 50, mara chache mita 100. Nimebaki na mbili: CZ 457 ya bolti (unavuta bolti kwa mkono kila risasi) na Ruger 10/22 inayojikoki yenyewe. Wengine wananishawishi .17 HMR, risasi nyembamba zaidi, kwa sababu ina kasi. Halafu maboksi ya risasi yameandikwa kasi tofauti tofauti. Nianzie wapi?

FundiMtutu
Mkuu, kama ni karatasi, chukua ya bolti. Chemba ya bunduki ya shabaha huchongwa kwa kubana, hivyo kichwa cha risasi kinaingia kwenye mifereji ya mtutu kikiwa kimenyooka, na kila risasi unaiingiza wewe bila kuikwaruza.

10/22 ni bunduki nzuri, ipo sokoni tangu 1964 na vipuri vyake vimejaa. Lakini bolti yake inarudishwa nyuma na nguvu ya risasi ileile. Ukiilisha risasi dhaifu, ganda halitoki vizuri na linabanwa mlangoni. Masizi nayo yanaingia hadi ndani ya mitambo. Ichukue kama unapenda kuangusha makopo kwa haraka.

.17 HMR achana nayo kwa sasa. Kichwa cha greni 17 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa) kinatoka kwa takriban mita 777 kwa sekunde na kinaruka kimenyooka mno, ila kwa karatasi ya mita 50 hakikuongezei chochote zaidi ya gharama. Na usije ukaweka .22 LR kwenye bunduki ya .22 WMR (.22 ya magnum, yenye ganda kubwa zaidi) kwa kuwa namba zinafanana. Chemba ya WMR ni pana zaidi, ganda litapasuka na gesi ya moto itavuja.

Greni40
Naunga mkono bolti, ila hapa ndipo wengi wanapopotea: wanahangaikia bunduki wiki nzima, risasi wanaokota yoyote. Hizi mitutu zina uchaguzi wake. Bunduki mbili za aina moja zinaweza kupenda risasi tofauti, na hakuna wa kukuambia ya kwako inapenda ipi mpaka uipime.

Kuhusu kasi: sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Risasi ya kawaida ya greni 40 hutoka kwa 320 hadi 330, yaani iko chini ya sauti tangu mwanzo. Ile ya kasi hutoka kwa 375 hivi, kisha inashuka kupita kasi ya sauti ikiwa bado njiani, na hapo inaweza kuyumba. Tena, ingawa inafika mapema, upepo wa pembeni huisukuma zaidi kwa sababu inapoteza kasi kwa pupa. Kwa mita 50 na 100, anza na ya kawaida.

Namna ya kupima: nunua aina tano, boksi moja la 50 kwa kila aina. Weka bunduki juu ya mifuko ya mchanga, siku isiyo na upepo. Kila ukibadilisha aina, piga 10 za kwanza bila kuhesabu, maana mtutu unatakiwa upakwe mafuta ya risasi mpya. Kisha piga makundi matano ya risasi tano tano. Usiguse skopu (darubini ya kulengea) katikati hata kama matundu yako pembeni. Unachopima ni upana wa kundi. Kundi moja zuri halithibitishi kitu, angalia wastani wa yote matano. Ukipata mshindi, nunua nyingi zenye namba ileile ya toleo.

Ukilenganisha skopu kwa mita 50, kwenye mita 100 tarajia matundu yashuke sentimita 20 hadi 25 hivi.

FundiMtutu
Nyongeza ya skopu: tafuta iliyotengenezwa kwa .22, au yenye gurudumu la kurekebisha paralaksi. Skopu nyingi za bunduki kubwa zimewekwa kwa mita 90 na zaidi. Kwa mita 50, ukisogeza jicho kidogo tu msalaba unahama juu ya shabaha. Pima pia reli ya juu ya bunduki kabla ya kununua vishikio vya skopu, nyingi za .22 ni za mm 11. Makundi yakianza kutawanyika ghafla, kagua kwanza skrubu za kitako na za vishikio.

MlengaPole
Asanteni sana wakuu. Naweza kufanya mazoezi ya kuvuta kifyatulio bila risasi? Na risasi ikigoma je?

Greni40
Soma kijitabu chake kwanza. Kwenye .22 pini inagonga ukingo wa ganda, na chemba ikiwa tupu baadhi ya bunduki pini yake inafika kwenye ukingo wa chemba na kuuponda. Baadaye maganda yanakwama.

Risasi ikigoma, mtutu ubaki umeelekea shabaha, hesabu sekunde 30 ndipo ufungue bolti. Baruti huweza kuchelewa kuwaka. Ukisikia mlio hafifu kuliko kawaida, simama kabisa. Toa magazini, hakikisha chemba ni tupu, ondoa bolti, kisha chungulia mtutu kutokea nyuma. Kichwa kikiwa kimekwama ndani, risasi inayofuata inaweza kuuvimbisha mtutu au kuupasua.