Tupeane uzoefu: kupanda hadi kwenye miamba ya volkano kando ya maji. Naanza na Hong Kong, watu wa Ziwa Victoria leteni ya kwenu

Mzee_wa_Kirumba:
Habari za jioni wakuu. Mimi nafuata mzigo Guangzhou, sasa safari hii kontena likachelewa kufungwa nikaona nivuke Hong Kong nikaone ile jiopaki (hifadhi ya miamba) ya Sai Kung ambayo UNESCO wanaitambua. Kwanza kwa wafanyabiashara wenzangu, angalieni viza ya China iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, maana ukivuka Hong Kong unahesabika umeshatoka China na kurudi ni kuingia upya.

Nilipanda treni mpaka Diamond Hill, hapo basi namba 92 mpaka mji wa Sai Kung, halafu namba 94 nikashuka Pak Tam Chung. Kuanzia hapo magari binafsi hayaruhusiwi, teksi zinaingia ila mimi nilitembea, ni kipande cha kwanza cha njia ya MacLehose ambayo nzima ina kilomita 100, mpaka tuta la mashariki ni kama kilomita 9 za lami kando ya bwawa la High Island. Kivuli ni cha kubahatisha na duka sikuliona, bebeni maji ya kutosha.

Sasa ukifika juu ya tuta, upande mmoja maji baridi ya kunywa, upande wa pili bahari ya chumvi inapiga, na mbele yako ukuta wa nguzo za mawe zenye pembe sita, zimepangwa kama sega la nyuki, nyingine zinapita mita 100 kwenda juu. Nilisimama pale muda mrefu sana jamani. Wameweka vibao vinaeleza vizuri: miaka kama milioni 140 iliyopita volkano kubwa ililipuka, majivu ya moto yakajaa kwa unene wa kutisha, yakapoa polepole, yakawa yanasinyaa na kupasuka kwa pembe sita kutoka juu mpaka chini. Nguzo za hivi sehemu nyingi duniani ni za basalti, jiwe jeusi, ila hizi ni za majivu yenye silika nyingi (madini yaliyomo kwenye mchanga) ndo maana zina rangi ya njano njano, na kwa ukubwa huu hazipatikani hovyo. Kuna sehemu nguzo zimepinda kama herufi S kwa sababu ardhi ilisogea kabla hazijapoa kabisa, na pembeni mkanda mweusi wa basalti uliokuja kupenya baadaye. Niliupapasa kwa mkono (kugusa ruksa, kumega marufuku). Mbele kidogo kuna pango la bahari, halafu ukishuka upande wa pili unakuta ufukwe wa Long Ke, mchanga mweupe. Nendeni kuanzia Oktoba mpaka Machi, kiangazi chao kina joto la mvuke na vimbunga.

Haya, sisi tuna ziwa lote hili. Nani ametembea wapi?

Binti_Malimbe:
Asante kaka umeeleza mpaka nimeiona. Ila niseme kitu kwa wageni wa uzi, mawe yetu ya Mwanza sio ya volkano, watu wengi wanadhani hivyo. Haya ni matale, uji wa moto uliopoa chini kabisa ardhini bila kulipuka, yana zaidi ya miaka bilioni 2.5, udongo wa juu ukaliwa na mvua na upepo taratibu mpaka yakabaki wazi, na kona zake ndo zikalika mpaka yakawa ya duara yamebebana vile mnavyoona jiwe la Bismarck pale karibu na kivuko cha Kamanga. Mimi napenda kutembea asubuhi kutoka Malimbe kwenda Luchelele, na kisiwa cha Saanane napo ni pazuri, ukikaa kimya pimbi wanatoka kuota jua. Kinachoniuma ni kokoto. Jiwe la umri ule linachomwa moto, linapasuliwa, linauzwa kwa ndoo, na wanaopasua ni mama zetu wanaotafuta ada za watoto sasa utamlaumu nani.

Jabari_la_Mbita:
Wakuu volkano ya ziwani ipo, njooni upande wa Kenya. Kutoka Mwanza unatoka Sirari, Migori, Homa Bay mpaka Mbita, hapo unavuka daraja uko kisiwani Rusinga. Kisiwa kile kimejaa matabaka ya majivu ya volkano ya zamani inaitwa Kisingiri, miaka kama milioni 18 hivi, na yale majivu yalifunika viumbe haraka mpaka mbegu, matunda na wadudu wamegeuka mawe na umbo lao lipo. Mwaka 1948 mtafiti wa mabaki ya kale Mary Leakey aliokota hapo fuvu la nyani mkubwa wa kale aliyepewa jina la Proconsul. Tafuteni kijana wa pale awaongoze, na ukiona mfupa kwenye mmomonyoko uache palepale umwambie, ukishautoa kwenye tabaka lake wataalamu hawawezi tena kuusoma. Kaburi la Tom Mboya, yule mwanasiasa wa Kenya, lipo hukohuko, na ukiwa na siku ya ziada panda boti uende kisiwa cha Mfangano ukaone michoro ya kale kwenye mwamba.

Mama_Wawili:
Shikamooni wakubwa. Na watoto je? Wangu wakiona maji tu wameshavua viatu.

Jabari_la_Mbita:
Marahaba mama. Kutembea wanaweza, anzeni mapema kabla jua halijakaza, raba sio kandambili. Ila kwenye maji yaliyotulia yenye matete wasiingie kabisa, kichocho kipo pande zote za ziwa.

Mzee_wa_Kirumba:
Binti Malimbe umenigusa. Kule Hong Kong mawe hayajatuzidi uzuri, wametuzidi njia iliyochongwa na kibao kinachomwambia mtoto wa shule hili jiwe lilitoka wapi. Mimi naona tuanze na hiyo Malimbe mpaka Luchelele, wazee wa mtaa waulizwe, njia iwekewe alama, na wale mama wapewe nafasi ya kuuza chai na samaki mwanzo wa njia wapate kipato bila nyundo. Nani yuko tayari Jumamosi tukaikague? Na mwenye kuijua njia ya kilima cha Handebezyo kule kisiwani Ukerewe aandike hapa mtu anaanzia wapi akishuka melini.