Naomba ushauri: faida ya biashara kati ya bandari inapungua katika Trade Wars 2002

Mkazi_wa_Uyole (Mbeya)
Habari za jioni, ndugu zangu. Hapa Mbeya tuko wachezaji wachache wa Trade Wars 2002, na kwa kuwa mchezo huu wa biashara ya vyombo vya angani ni wa maandishi matupu, unakwenda vizuri hata mtandao unapokuwa dhaifu. Ninaelewa kwamba bidhaa ni tatu, yaani madini ya nishati, mazao na vifaa, na kwamba kila bandari hununua baadhi na kuuza nyingine. Nimepata bandari inayouza vifaa kwa bei nafuu, na nyingine iliyo sekta (yaani vituo vya anga) tatu mbele yake inayovinunua kwa bei ya juu. Nikishausha shehena, chombo kinarudi kitupu kupakia tena. Faida ilianza ikiwa kubwa, lakini kila safari inashuka, na zamu za siku, yaani hatua ninazoruhusiwa, zinakwisha kabla sijapata fedha za kuongeza nafasi za shehena. Je, nitafute bandari zenye bei nzuri zaidi, au kuna jambo jingine la kutazama?

Hesabu_Kwanza (Iringa)
Ndugu yangu, bei usiitazame peke yake, tazama faida inayopatikana kwa kila zamu. Ikiwa bado unatumia Merchant Cruiser, chombo cha kuanzia, chombo hicho hula zamu 3 kuvuka sekta moja, na kutia nanga bandarini ni zamu 1. Kwa hiyo kwenda kwako ni zamu 10 na kurudi ni 10, jumla 20, kwa shehena moja tu iliyouzwa. Ukipata bandari mbili zilizo katika sekta jirani, mzunguko mzima ni zamu 8, na unauza shehena mbili, kwa sababu unaposhusha bidhaa moja unapakia nyingine hapo hapo. Msimamizi wa mchezo akiwapa zamu 200 kwa siku, wewe unauza shehena 10, na mwenzako mwenye bandari jirani anauza 50. Hakuna bei itakayoziba pengo hilo.

Jozi ninayoipendekeza ni ya mazao na vifaa, kwa kuwa madini ya nishati ndiyo yenye thamani ndogo kuliko zote. Bandari moja iwe ya aina ya 1 au ya 5, ambazo hununua mazao na kuuza vifaa. Nyingine iwe ya aina ya 2 au ya 4, ambazo huuza mazao na kununua vifaa. Hakikisha pia kwamba njia kati ya sekta hizo inapitika pande zote mbili, maana zipo njia za kwenda tu.

Njia_Panda (Makambako)
Ninaunga mkono. Sisi wa Makambako tunaona kila siku kwamba mwenye lori hutafuta mzigo wa kurudia kabla hajaondoka. Lakini kushuka kwa faida yako kuna sababu nyingine ambayo haijaguswa. Kila bandari huonyesha asilimia ya kila bidhaa, yaani kiasi kilichobaki cha uwezo wake wa kuiuza au kuinunua. Ikiwa karibu na 100, bandari inayouza hukuuzia kwa bei nafuu na inayonunua hukulipa vizuri. Kadiri unavyofanya nayo biashara, asilimia hupungua na bei hukugeukia pande zote mbili. Bandari hujijaza yenyewe taratibu ikiachwa, kwa hiyo ni busara kuwa na jozi mbili au tatu na kuzizungukia, badala ya kuikamua moja mpaka ikauke.

Mkazi_wa_Uyole (Mbeya)
Asanteni sana, sasa nimepata picha. Na katika kupatana bei, je, inafaa kuikubali bei ya kwanza ili kuokoa muda?

Dada_wa_Mafinga
Hapana, kaka, usiikubali. Majadiliano hayaongezi zamu, na ukifikia bei nzuri unapata pia alama za uzoefu. Unapouza, taja kiasi kilichozidi kidogo bei yao, kisha shuka kwa hatua ndogo. Unaponunua, fanya kinyume chake. Wakitamka kwamba hiyo ni bei yao ya mwisho, sogea karibu nayo sana, kwa sababu ukiwasukuma kupita kiasi biashara huvunjika na zamu ya kutia nanga inakuwa imepotea. Zingatia pia kwamba bandari mbili za aina moja hazilegezi bei kwa kiwango kimoja, hivyo andika daftarini kila bandari ilikubali wapi.

Hesabu_Kwanza (Iringa)
Niongeze moja. Faida ya mwanzo iweke kwenye nafasi za shehena, kwani chombo hicho huanza na 20 na kinaweza kufika 75 kwa zamu zile zile. Na kabla ya kuelekea kwenye jozi yoyote, soma ripoti ya bandari katika kompyuta ya chombo: kwa bandari ulizokwisha kuzitembelea, inakuonyesha asilimia za wakati huo bila kutumia zamu hata moja.